Siku Moja Mashambani Bohol, Ufilipino: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu nirudi Maskati na vifuu vya kalamay, kitamu chao cha mchele na nazi, begini, simu yangu haijatulia. Ndugu zangu wa Tanga, wenzangu wa kazini hapa Oman, jamaa walioko Doha na Dubai, wote wanauliza yale yale. Nimeona niyaandike mara moja. Nimekwenda Bohol mara mbili. Nilifuatana na mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa huko, ambaye namwita Ate, yaani dada mkubwa, maana ndivyo wenyewe wanavyomwita aliyewazidi umri. Mara ya kwanza tulipanda gari la watalii, mara ya pili tulizunguka kwa mpango wake yeye, na tofauti ya siku hizo mbili ndiyo iliyonifanya niandike majibu haya.

Bohol iko wapi, na kwa nini niende huko badala ya kubaki Manila?

Ni kisiwa cha katikati ya Ufilipino, katika visiwa vya Visayas, jirani na Cebu. Mji wake mkuu ni Tagbilaran. Kutoka Manila ni kama saa moja na nusu kwa ndege hadi uwanja wa Panglao, uliofunguliwa mwaka 2018. Panglao ni kisiwa kidogo kilichounganishwa na Bohol kwa madaraja. Ukiwa Cebu mjini, boti ya kasi inakufikisha Tagbilaran kwa saa mbili hivi.

Wageni wengi huenda Panglao kwa ajili ya fukwe na kupiga mbizi. Fukwe ni nzuri, sibishi, lakini sisi watu wa pwani fukwe tunazo. Mimi nilichokipenda ni upande wa ndani: mashamba ya mpunga, minazi, mito ya kijani, vijiji ambavyo mtu akikukuta barabarani anakusalimu kwanza. Na jikoni mwao kuna nazi kila mahali. Asubuhi ya kwanza nilisikia mtu anakuna nazi nyuma ya nyumba nikadhani niko Pangani.

Siku moja inatosha?

Inatosha ukikubali kuacha baadhi ya vitu. Safari ya siku moja inayouzwa hotelini na bandarini huwa na vituo saba au vinane: mnara wa Sandugo, kanisa la Baclayon, wale wanyama wadogo wenye macho makubwa, msitu wa mahogani, Chocolate Hills, daraja la kuning'inia, vipepeo, chakula botini. Mara ya kwanza niliipanda hiyo. Dereva hakuwa na kosa lolote, ila waliompangia safari walimpa dakika ishirini kwa kila kituo. Tulipofika Bilar, mama mmoja alikuwa kando ya barabara amechutama, anapanga makaa juu ya kifuniko cha bati. Harufu ya nazi na mchele unaoungua kidogo ikanifikia palepale niliposimama. Sikuonja. Niliitwa garini tukaondoka.

Mwaka uliofuata nilirudi, na sitaficha kwamba ile harufu ilikuwa moja ya sababu. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: chagua vituo vinne, visizidi hapo, na kila kituo ukipe muda wa kukaa kitako.

Siku yenyewe mliipangaje mara ya pili?

Tuliondoka Tagbilaran saa kumi na moja na nusu alfajiri, kukiwa bado giza. Tukaenda moja kwa moja mpaka Carmen, kilomita kama 55, kuona vilima kabla jua halijawa kali na kabla mabasi hayajafika. Tukashuka polepole hadi Bilar, tukanywa chai na bibingka, mkate wao wa mchele na tui. Kabla ya adhuhuri tulikuwa Loboc, mtoni. Alasiri tukafika Alburquerque kwa watu wa chumvi, kisha Baclayon kutazama kanisa, na magharibi ikatukuta Tagbilaran.

Njia hiyo ni duara zuri: unapanda hadi ndani kabisa asubuhi, halafu unateremka na siku mpaka baharini. Anayetaka sana kuwaona wale wanyama aondoe Alburquerque aweke Corella. Usijaribu kuvibana vyote.

Chocolate Hills ni nini hasa? Kuna chokoleti?

Hakuna. Ni vilima vya chokaa, vya mviringo kama vichuguu vikubwa, vilivyotapakaa katika wilaya za Carmen, Batuan na Sagbayan kwenye eneo linalozidi kilomita 50 za mraba. Vimehesabiwa visivyopungua 1,260, na wengine wanafika 1,776. Vingi vina kimo cha meta 30 hadi 50, na kirefu kuliko vyote kinakaribia meta 120. Miti haishiki sana juu yake, majani tu. Kiangazi majani hayo hukauka yakawa rangi ya kahawia, ndipo jina lilipotoka.

Chokaa hiyo ilikuwa chini ya bahari. Ni mabaki ya matumbawe na makombe yaliyoinuliwa juu na nguvu za ardhi, halafu mvua na vijito vikayala taratibu kwa muda mrefu mno hadi vikabaki vilima. Serikali ilivitangaza kuwa hazina ya kijiolojia ya taifa mwaka 1988, na mwaka 2023 kisiwa kizima cha Bohol kiliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya hifadhi za kijiolojia, cha kwanza nchini humo.

Wazee wa huko wana maelezo yao. Jitu moja, Arogo, lilimpenda msichana wa watu, Aloya. Alipokufa, jitu likalia mpaka machozi yakakauka yakawa vilima. Ate alinihadithia tukiwa tunapanda ngazi za Carmen, ambazo ni 214, akisimama kila hatua ya ishirini kupumua. Juu kule ukungu ulikuwa bado umelala katikati ya vilima, vilele tu vinachungulia. Tulikaa saa nzima bila kusema sana.

Jambo moja linaniuma. Mwaka 2024 picha za hoteli yenye mabwawa ya kuogelea iliyojengwa katikati ya vilima hivyo zilisambaa, na wananchi wakapiga kelele mpaka ikafungwa. Ukipelekwa mahali pa kuogelea au pa kuendesha pikipiki za magurudumu manne juu ya kilima, kataa. Kilima kikichimbuliwa majani, mvua inamaliza kazi.

Na yule mnyama mdogo mwenye macho makubwa?

Kwa Kiingereza na lugha nyingi huitwa tarsia, na watu wa Bohol humwita mamag. Ukitaka kumfikiria, mfikirie komba wetu, lakini mdogo zaidi, anaenea kwenye kiganja, na macho yake kila moja linashinda ubongo wake kwa ukubwa. Macho hayo hayazunguki matunduni mwake, basi yeye huzungusha kichwa, karibu nyuzi 180 kila upande. Hali majani wala matunda: ni wadudu na wanyama wengine wadogo walio hai tu.

Naweza kumshika? Hapana, na tafadhali usiende mahali utakapoambiwa unaweza. Huyu ni mnyama wa usiku. Mchana analala, na akisumbuliwa na kelele, mwanga wa kamera au mikono ya watu, anadhoofika na anaweza kufa. Nenda Corella, kwenye hifadhi ya wakfu unaowalinda wanyama hawa. Pale unaingia msituni na mwongozaji, mnanong'ona, unawaona wawili watatu wamejishika kwenye kijiti, basi. Kuna sehemu nyingine karibu na Loboc ambako gari nyingi hupeleka wageni kwa sababu iko njiani. Corella ni mchepuko, na unastahili.

Chakula chao kikoje? Kitanifaa mtu wa pwani?

Kitakufaa kuliko unavyodhani. Mlo ni wali, asubuhi, mchana na jioni. Samaki wa kuchoma makaani, anayeitwa sinugba, huliwa na siki yenye pilipili na kitunguu. Tinuwa ni mchuzi mwepesi wa samaki wenye tangawizi, nyanya na mchaichai. Halang-halang ni kuku wa nazi wenye pilipili, na hapo nilijihisi nyumbani kabisa, tofauti ni huo mchaichai tu. Kinilaw ni samaki mbichi aliyelowekwa kwenye siki ya mnazi na tangawizi. Nilisita, kisha nikaomba tena. Umle mahali penye wateja wengi na samaki wa siku hiyo.

Wali wa sokoni huja ndani ya kifuko kilichosukwa kwa makuti mabichi ya mnazi, huitwa puso. Wanajaza mchele mbichi kiasi, wanatokosa, mchele unavimba unajaza kifuko. Unapasua kwa kisu unakula na samaki wako. Usukaji wake ni kazi ya vidole hasa. Nilimtazama kijana mmoja sokoni anasuka kimoja kabla sijamaliza kufungua mkoba wangu.

Kawaida watu hula kwa kijiko na uma, kijiko mkono wa kulia. Lakini kula kwa mkono si aibu hata kidogo, tena ukila hivyo vizuri watafurahi sana.

Kuna pia viazi vikuu vya zambarau, ube, na Bohol wana aina yao yenye harufu nzuri iitwayo kinampay. Kwao ni kitu cha heshima: kikianguka chini, mtu wa zamani anakiokota anakibusu na kukiomba radhi. Ate bado anafanya hivyo.

Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini?

Swali hili ndilo ninaloulizwa zaidi, nami nilikuwa na hofu hiyo hiyo. Bohol ni kisiwa cha Wakatoliki. Waislamu wa Ufilipino wengi wako kusini, Mindanao na visiwa vya Sulu. Bohol wapo wachache, na baadhi yao ni wafanyabiashara sokoni Tagbilaran. Migahawa ya halali ni ya kutafuta.

Nguruwe yuko mahali ambapo hutarajii. Mboga za pinakbet huwekwa vipande vyake. Choroko vilevile. Sambusa zao za mviringo, lumpia, mara nyingi ndani ni nguruwe. Mafuta ya kukaangia yanaweza kuwa yaleyale. Na dinuguan, mchuzi mweusi, ni damu. Kwa hiyo jifunze maneno haya kabla hujafika: "walay baboy, palihog", yaani bila nguruwe, tafadhali. Nilikuwa nikiyasema, nikaona mpishi anafikiri kwanza, kisha ananiambia kwa ukweli kipi nile na kipi niache. Hakuna aliyenuna.

Mimi nilikula samaki, dagaa, kamba, mayai, wali, matunda, ndizi za kuchoma, madafu, ambayo kule huitwa butong. Nyama na kuku wa kuchinjwa nililetewa na Ate kutoka kwa Waislamu wa sokoni. Kwenye boti ya Loboc chakula ni cha kujipakulia na nguruwe yumo, na vijiko vya kupakulia huhamahama. Sisi tulikula kando ya mto kwenye banda la samaki wa kuchoma, tukapanda mtumbwi baadaye.

Tembo la mnazi lipo?

Lipo, linaitwa tuba, na mgema anapanda mnazi asubuhi na jioni vilevile kama kwetu. Huko hulitia magome ya mkoko yaliyosagwa, likawa jekundu. Nalitaja kwa sababu nyingine: lina kazi jikoni. Likikaa linakuwa siki, na siki hiyo ndiyo inayotawala chakula chao. Tena bibingka ya kienyeji huumuliwa nalo, kama zamani nyumba nyingine za pwani yetu zilivyotumia tembo mahali pa hamira. Asiyetaka aulize kwanza, maana wengi siku hizi wanatumia hamira ya dukani.

Hiyo bibingka mbona unaitaja sana?

Kwa sababu bibi yangu alikuwa akioka mkate wa kumimina, na sikutegemea kumkuta Bilar.

Mchele unalowekwa, unasagwa, unachanganywa na tui na sukari, unaachwa uumuke. Unamiminwa kwenye chombo kilichotandikwa jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika. Chini makaa, juu kifuniko chenye makaa. Yule mama aliuliza tunataka mangapi, kisha hakutazama saa wala kufunua hovyo. Aliinamisha kichwa kusikiliza. Jani likianza kutatarika pembeni, alisogeza makaa mawili ya juu kwa koleo, akangoja kidogo, akafunua. Juu pamepata rangi, katikati kunatikisika kidogo tu, pembeni jani limeungua na limeachia harufu yake kwenye mkate. Akatandaza nazi iliyokunwa juu yake.

Nilimwambia, kwa kupitia Ate, kwamba kwetu tunapalia moto hivyo hivyo, ila tunatia iliki. Akauliza iliki ni nini. Nilikuwa na punje chache kwenye mkoba, mtu wa pwani hakosi. Nikampa. Akatafuna moja, akanyamaza, akaziweka zilizobaki kwenye kikopo na kukifunga. Tulikaa pale saa moja na zaidi. Gari tatu za watalii zilipita kwenda msituni kupiga picha.

Msitu wenyewe wa Bilar je?

Ni kilomita mbili za miti ya mahogani iliyopandwa na watu, barabara ikipita katikati kwenye kivuli baridi. Inapendeza ukipita na dirisha wazi. Inatosha hivyo.

Boti ya mto Loboc ni ya kitalii mno?

Ni ya kitalii, ndiyo, lakini mto ni mzuri kweli: maji ya kijani, minazi na mianzi imeinama pande zote mbili. Boti pana zenye paa huenda taratibu hadi maporomoko madogo ya Busay na kurudi. Njiani kuna majukwaa ya mianzi yanayoelea, ambapo wanakijiji, akina mama na watoto, huimba kwa ukulele na kucheza tinikling. Hii ni ngoma ya kurukaruka kati ya mianzi miwili inayogonganishwa. Wanaigiza ndege anayekwepa mitego mashambani. Ukikosea pigo moja, mwanzi unakukamata kifundo cha mguu. Wanawaita wageni wajaribu, na utacheza hata kama hutaki.

Loboc ni mji wa muziki. Kwaya yake ya watoto, iliyoanzishwa mwaka 1980, imefika kuimba Ulaya. Ukipata nafasi ya kuwasikia kanisani, acha boti.

Kwa nini niende kuangalia makanisa, na mimi si Mkristo?

Kwa sababu ya kuta. Kanisa la Baclayon, lililokamilika mwaka 1727, limejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyokatwa baharini na kuunganishwa kwa chokaa. Mtu aliyekwisha kuweka mkono kwenye ukuta wa Kilwa, Lamu au Mji Mkongwe atayajua yale mawe kwa kiganja: yale matundu madogo, ule ubaridi. Inasemekana chokaa yake ilikorogwa na ute wa mayai mengi sana, na viini vikaishia kwenye keki na biskuti.

Tarehe 15 Oktoba 2013 tetemeko la ukubwa wa 7.2 lilipiga Bohol. Watu zaidi ya 200 walikufa, na makanisa mengi ya zamani yakaanguka au kupasuka. Baclayon lilibomoka upande wa mbele na mnara. Loboc liliumia vibaya zaidi, likafunguliwa tena mwaka 2021. Mafundi waliokota mawe wakayapanga tena yale yale. Ukitazama vizuri utaona jiwe jeusi la kale limekaa kando ya jipya jeupe. Funika mabega, vua kofia, na usipige picha ibada ikiendelea.

Nimeona umeandika juu ya chumvi. Chumvi ina nini cha kutazama?

Huko Alburquerque, mji mdogo wa pwani mashariki ya Tagbilaran, kuna familia chache sana zinazotengeneza asin tibuok, chumvi nzima, isiyovunjwa. Inaanza na makumbi ya nazi. Wanayatia kwenye mashimo yanayojazwa na maji ya bahari na kuyaacha miezi kadhaa. Hapa nilimkatiza Ate, maana wanawake wa Jambiani na Pemba nao huyafukia makumbi baharini miezi mingi, lakini wao wanayapondaponda kupata usumba wa kusokota kamba. Hawa wa Bohol wanayakausha, wanayachoma taratibu kwa siku kadhaa, moto usiwe na ndimi, mpaka yawe majivu yenye chumvi.

Majivu yanawekwa kwenye vichujio, yanamwagiwa maji ya bahari, na kinachotiririka chini ni maji mazito ya chumvi. Hayo yanachemshwa kwenye vyungu vilivyopangwa safu juu ya tanuri. Mtu anakaa pale na upawa, chungu kikipungua anaongeza, tena na tena, saa nyingi, mpaka chumvi inajaa na kuganda. Mwisho chungu hupasuka chini kwa joto, na chumvi inabaki imekaa ndani kama yai kubwa jeupe. Hunuka moshi kidogo. Wanaikuna juu ya wali moto, tone la mafuta, basi hicho ni chakula.

Kazi hii ilikaribia kufa. Sheria ya mwaka 1995 ilitaka chumvi yote inayouzwa itiwe madini joto, na wachomaji wadogo walishindwa kuuza. Mzee aliyetupokea alikuwa na mikono iliyopasukapasuka, na hakuwa na haraka nasi. Omba miadi kabla ya kwenda, maana si kila siku wanachoma, na nunua hata chungu kimoja kidogo ukiweza.

Watu watanipokeaje? Kuna adabu za kujua?

Utashangaa. Ukifika nyumbani kwa mtu, unasimama nje unaita "Ayo!", naye anajibu "Dayon!" Ni hodi na karibu. Ukipita watu wanakula watakuambia "Kaon ta!", tule. Usikurupuke kukaa. Unashukuru, unasema umeshiba, kama sisi tunavyojibu "starehe". Wakirudia kwa mkazo, kaa.

Watoto wakimkuta mzee huuchukua mkono wake wakaugusisha kwenye paji la uso. Mara ya kwanza mtoto aliponishika mkono hivyo nilijikuta nimejibu "marahaba".

Asante ni "salamat", neno lililofika huko kutoka Kiarabu kwa kupitia Kimalei, ndugu wa salama yetu. Hakimu ni "hukom". Bendera ni "bandera" na meza ni "mesa", za Kihispania, wakati zetu tulizipata kwa Wareno. Asubuhi sema "maayong buntag". Watu wa Bohol wenyewe hutamka "maajong", na ukiiga hivyo watacheka kwa furaha.

Mnara wa Sandugo nisiende?

Uko njiani, dakika kumi zinatosha. Unakumbusha tarehe 16 Machi 1565, ambapo Datu Sikatuna, mkuu wa kienyeji wa huko, na Mhispania Miguel López de Legazpi walichanjiana, wakachanganya damu yao na kinywaji wakanywa. Sisi tunaujua udugu wa kuchanjiana. Lakini ukisimama pale mkumbuke na Francisco Dagohoy, aliyeanzisha uasi Bohol mwaka 1744 baada ya padri kukataa kumzika ndugu yake. Uasi huo ulidumu miaka 85 na kumpita yeye mwenyewe.

Usafiri?

Kwa watu wawili au zaidi, kodi gari na dereva wa siku nzima, na mwambie mapema kwamba hutaki mpango wa kawaida. Wengine hushangaa, lakini wanakubali. Bei patana kabla ya kupanda. Mtu mmoja asiyeogopa anaweza kupanda habal-habal, ambayo ni bodaboda tu, au kukodi pikipiki mwenyewe. Barabara kuu ni nzuri, ila mbwa na nyati wa kulimia hukatiza wanapotaka. Viingilio vya sehemu nyingi ni kati ya peso 50 na 200. Beba noti ndogo, mashine za pesa ukishatoka mjini ni chache.

Niende miezi gani?

Februari hadi Mei ni kiangazi, na vilima vina rangi yake ya chokoleti, hasa kuanzia Machi. Mei ni mwezi wa sherehe za vijiji, na nyumba nyingi zinaacha mlango wazi kulisha wageni. Kuanzia Juni mvua huongezeka na vilima ni kijani. Mpunga nao unakuwa mzuri sana kutazama. Vimbunga huja zaidi kati ya Julai na Desemba. Kile cha Desemba 2021 kiliumiza sana kisiwa hiki. Fuatilia utabiri, kwa sababu boti husimamishwa bahari ikichafuka.

Viza na karatasi?

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo huingia bila viza kwa siku 30 za matembezi, mradi pasipoti ina miezi sita mbele na una tiketi ya kuondoka. Thibitisha na ubalozi kabla ya kununua tiketi, hasa ukiwa unasafiri na ukaazi wa Ghuba. Jaza fomu yao ya kielektroniki ya eTravel ndani ya saa 72 kabla ya kufika. Ni bure, anayekutoza ni tapeli. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mkononi ukitokea nchi zenye ugonjwa huo.

Naweza kwenda na mama yangu, mtu mzima?

Ndiyo. Ngazi 214 za Carmen ndizo kikwazo pekee. Chini yake kuna mahali pa kukaa, na kutoka barabarani vilima vinaonekana vizuri. Atafurahia zaidi Bilar na Loboc. Na wazee huko wanaheshimiwa hasa, ataachiwa kiti kila mahali.

Nilete zawadi gani nyumbani?

Kama siku yako ni Jumapili, pita Antequera asubuhi. Kuna mnada wa vikapu na mikeka ya wenyeji, na anayejua ukili atatumia saa nzima kukagua mishono.

Lakini kama ni kitu kimoja tu, chukua kalamay ya Jagna. Ni mchele wa kunata uliosagwa, tui na sukari ya kahawia, vinavyosongwa kwenye kikaango kikubwa mpaka mkono uchoke, halafu vinajazwa kwenye vifuu viwili vinavyofunikana na kuzungushiwa ukanda wa karatasi nyekundu. Weka kwenye begi la kukabidhi, si la mkononi, maana ukaguzi wa uwanja wa ndege huitia kwenye vitu vya majimaji. Hudumu siku kadhaa bila friji. Ukifika nyumbani bandua karatasi, tenganisha vifuu, chota kwa kijiko. Mama yangu alikula kimoja chote, akaosha kifuu, na sasa anakitumia kama kata ya kuchotea maji ya mtungi.